Daftari la Mwakirunge

Saa kumi na moja na nusu alfajiri,
umande una baridi ya chuma.
Nafungua mtego wa hamsini na tatu:
dume.
Namshika shingoni kwa vidole viwili,
nampapasa chini kwa gumba,
naandika: korodani zimepanda tumboni.
Gramu thelathini na nane. Februari.
Hana haja na jike, jike hana haja naye.

Mbodze, mwenye shamba, kaegemea jembe.
"Hata huyo kafunga?"
Kafunga, namwambia.
"Na mwezi kauona nani?"

Hapo ndipo ilipo kazi yangu.
Katika nchi za baridi jua ndilo karani:
siku ikirefuka, tezi iliyo ndogo kuliko punje ya mtama
hupunguza melatonini yake,
na mwili mzima husoma barua hiyo.
Hapa jua halina habari za kutupa.
Toka Juni hadi Desemba siku ya Mombasa
huongezeka nusu saa tu,
muda wa foleni ya feri, ukiwa na bahati.
Nani azae kwa ajili ya nusu saa?

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne usiku, Machi ikiisha.
Siku ya nne nyasi zikachomoza,
changa, za maji, zenye kitu ndani
ambacho maabara yetu bado inakitafutia jina.
Panya hutafuna jani. Jani hupiga hodi.
Chini kabisa ya ubongo kuna seli chache,
zote zingetosha kwenye ncha ya sindano ya kushonea kofia;
hizo husikia, huachia protini fupi,
protini humwamsha mwenziwe,
mwenziwe hutoa tone.
Kimya.
Tone.
Kimya,
kama bomba la uani usiku wa mgao wa maji.
Si mafuriko. Mafuriko huzima kila kitu.
Ujumbe uko kwenye kimya kinachotenga matone.

Tarehe tisa Aprili, mtego wa kumi na saba:
zimeshuka, zimejaa, ngozi imekaza.
Mbodze akageukia mihogo, akicheka ndani ya leso.
Na jike wa mtego wa ishirini,
mlango uliozibwa na ngozi tangu Desemba
umefunguka wenyewe.
Mei mosi nikamhisi tumboni kwa ncha ya kidole,
moja, mbili, tano, nikapotea, nikaanza upya:
kumi na moja, kama kunde ndani ya soksi.
Chuchu zake ni ishirini. Ana nafasi za akiba.
"Kumbe mahindi yangu ndiyo mahari," Mbodze akasema,
na safari hii hakucheka.

Alhamisi usiku huwa Shimanzi, nyuma ya maghala.
Taa za bandari hazilali,
ngano humwagika kila lori linapokata kona.
Panya wa huku ni wengine, weusi, wa mapaani;
kurasa zao hazina msimu.
Januari mimba. Agosti mimba.
Nyevu hunishikia tochi akitoka kwenye mizani ya malori,
mwaka wake wa sita wa zamu ya usiku.
Akaniuliza akitazama ukuta:
"Na mimi je, Mwanasha? Taa hizi zinaniandikia nini?"
Siku zake huja zitakapo. Tangu Idi hazijaja.
Na mimba, akasema, si mimba, kapima mara tatu.

Ningemjibu panya yeyote.
Nikampa namba ya daktari wa Makadara
nikajiona nimemwekea mkononi jani kavu.
Akaikunja, akaitia kifukoni, akainua tochi:
"Huyu nusu kilo. Andika."

Leo ni Novemba, vuli imegusa Mwakirunge.
Nimepita mitego yote kwa miguu,
viatu vizito kwa udongo mwekundu.
Nambari hamsini na tatu: mtupu, chambo kimeliwa.
Nyayo nne pembeni, mbichi.
Nyasi, sentimita mbili.